Mjomba, kile kipande cha reli hukupaswa kukiuza

Mjomba, shikamoo.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa. Wanao watakusomea.

Najua wewe ndiye mjomba, na mali ya marehemu bibi iko mikononi mwako. Kwetu ndivyo ilivyo, sibishi. Lakini siku ya tatu ya matanga, mikeka haijakunjwa, ukaingia uani na guta na yule mnunuzi wa vyuma chakavu! Akakigonga kwa nyundo kile kipande cha reli, kengele ya bibi ya pale mwembeni, akijaribu ubora wake, kikalia vilevile kilivyokuwa kikilia bibi akituita tutoke kwenye mikorosho. Mama wadogo wakatoka jikoni, mmoja ana unga mikononi, wakasimama wanatazama mwembe. Wewe ukawapa mgongo, ukaendelea kubishania bei ya kilo. Hapo ndipo uliponimaliza.

Ulisema ni takataka za Wazungu wa karanga. Ni kweli, reli ile ililetwa kwa ajili ya karanga zao. Mradi huo wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947, ukavunjwa 1951 hata bandari yake ya Mtwara haijafunguliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Ila tuta alilolimenyekea babu hawakuling'oa. Si wewe uliyenipitisha juu yake umenibeba mabegani, ukipuliza kama treni inayopanda mlima mpaka pumzi zikakuishia? Sina mjomba mwingine, wala simtaki.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Nairobi, nikaingia makumbusho ya reli. Wana Garratt mbili za daraja la 59, yaani vichwa vya treni vya mvuke. Ungeziona, mjomba! Kila moja ni tani 250 hivi. Boila limebebwa katikati ya injini mbili, moja mbele, moja nyuma, kila moja na magurudumu yake, ili uzito usambae na dude lote liweze kukata kona. Zilichoma mafuta mazito, zikipandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa kwenda bara. Zilitengenezwa Manchester 1955 na 1956, zikiwa 34, zikapewa majina ya milima. Nyingine ziliishia kwa watu kama huyo mteja wako. Hizo mbili zinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko Longido, Shengena iko Same. Milima yetu, mjomba, inatunziwa majina Nairobi! Nazo zilitengenezwa na Wazungu, lakini hakuna aliyeziita takataka.

Nakushauri tu, kitu cha marehemu kisiuzwe kabla ya arobaini. Na usiseme ningekichukua mapema. Nikiweke wapi? Chumba changu Mbagala hata kabati halienei, na konda gani wa basi la Kusini angekubali kunipakilia reli? Hela ya sanda nilituma mimi. Ya mchele pia, ingawa ulipowashukuru waliochangia jina langu hukulitaja. Sisemi kwa ubaya.

Mama anakusalimu, anauliza kama mguu umepona. Kwenye arobaini nitakuja. Hela ya chuma sitaki mgawo. Niambie tu mnunuzi ni yupi, yule wa Nachingwea mjini au wa Masasi, nikamuulize kama bado anacho.