Jimbo lisilo na mfuko wake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kugawana madaraka kati ya serikali kuu na majimbo. Kila mjadala huu unapozuka, watu hushika orodha: shule ziwe za nani, polisi wa nani, ardhi ya nani. Swali la fedha huachwa mwishoni, ilhali anayeshika mfuko huishia kuishika na orodha yenyewe.

Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikupewa ni ya majimbo au ya wananchi. Umri wa kununua pombe uliamuliwa na majimbo. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo halikuwapokonya uamuzi huo; lilipitisha tu sheria kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ikaenda Mahakama ya Juu, ikashindwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata majimbo yote yalikuwa yameshatii. Mimi nauunga mkono umri ule, maana umeokoa vijana barabarani. Kinachonitisha ni njia iliyotumika: hakuna aliyegusa hata nukta ya katiba.

Australia ni zaidi. Majimbo yalitoza kodi ya mapato hadi 1942, serikali kuu ilipoichukua kwa sababu ya vita. Vita viliisha, kodi haikurudi. Majimbo yakabaki na hospitali, shule na polisi wa kuwagharamia, huku yakitegemea ruzuku.

Najua jimbo maskini likiachiwa kodi zake peke yake litazidi kubaki nyuma, na hoja hiyo ina uzito. Ila kukusanya fedha si kuzimiliki. Ujerumani, katiba yenyewe inatamka kwamba kodi ya mapato ni ya shirikisho na majimbo kwa pamoja, na sheria ya kugawana kodi ya ongezeko la thamani haipiti bila ridhaa ya Bundesrat, baraza ambamo serikali za majimbo ndizo zinazopiga kura. Huko jimbo linapokea chake.

Nawasihi wanaoandaa rasimu za katiba: kabla ya kuorodhesha kazi za jimbo, andikeni fungu lake la kodi, na muandike kwamba halipunguzwi bila kura ya majimbo yenyewe.

Wasalaam,
Msomaji wenu