Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Bendi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Maonyesho ya kila mwezi yamefanyika, semina ya mitambo imefanyika, drams na ampu ya besi za chama ni nzima. Wanachama ni 38, waliolipa ada ni 15, waliofika mkutano wa nusu mwaka ni 9, na 3 kati yao waliondoka kabla mapato na matumizi hayajasomwa. Wanaoilalamikia kamati kwa sauti kubwa zaidi hawamo katika hao 15.

Sasa lile lililozua maneno: kila bendi ya kopi, yaani inayopiga nyimbo za wengine, katika zamu yake ya dakika 45, ipige angalau nyimbo 2 za utunzi wake. Hoja niliileta mimi, kamati ikaipitisha, na bado naisimamia.

Imesemwa wimbo usiojulikana ukianza tu, watu huinuka kufuata vinywaji. Huinuka, ndiyo, ukiwekwa pabaya. Dakika 45 zinabeba nyimbo 10 za dakika nne nne. Zinazobaki ni za kutambulishana na kukaza nyuzi. Wimbo mpya ukifungua, fundi mitambo bado anasawazisha sauti na maneno hayasikiki. Ukifunga, watu wanadai kile walichokijia. Uwekwe wa 3 au wa 4, na mwenzake wa 7, nyuma ya kibao cha kuchezeka chenye mwendo uleule. Kinachoharibu ni mwimbaji kusema "huu ni wetu, tuvumilieni", kisha mpiga solo akarekebisha nyuzi dakika nzima. Mpiga drams ahesabu kuuanzisha wimbo makofi ya uliotangulia yakiwa bado yanalia, na kiitikio kifike ndani ya dakika ya kwanza.

Hakuna anayedharau kopi. Rekodi inayofifia mwishoni inawalazimu mbuni mwisho wenu. Magitaa manne ya studio mkiwa na mawili, lazima mjue lipi linabeba wimbo. Hapo ndipo utunzi unapojifunzwa. The Beatles, bendi ya Waingereza, walipiga nyimbo za wengine saa nyingi kila usiku mjini Hamburg kuanzia 1960. Albamu yao ya kwanza, 1963, ina nyimbo 14, na 8 walitunga wenyewe. Kwa hiyo sikuzua jambo geni.

Bendi zinazomuenzi msanii mmoja zimesamehewa sharti hili, na huo si upendeleo kama ilivyonong'onwa: mtazamaji wao amelipia mfanano, kuanzia mavazi hadi mlio wa kinanda.

Orodha za nyimbo mlizopiga zikabidhiwe usiku uleule. Leseni ya kupiga nyimbo hadharani kwa kawaida hulipiwa na mwenye ukumbi, lakini kilichopigwa anakijua mpigaji. Pasipo orodha, mtunzi hapati haki yake. Nanyi msiposajili nyimbo zenu, hamlipwi hata mkizipiga kila wiki.

Kubadilishana jukwaa ni dakika 15. Kila mpiga drams aje na ngoma ya snea, matoazi na pedali yake. Tumeyasema haya mpaka tumechoka.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kurekodi mkusanyiko wa nyimbo za wanachama, na pengine kununua spika za jukwaani. Yote yanategemea ada. Mhazini yuko mlangoni na daftari la stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti