Risala ya Kamati ya Wazazi na Walimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwaaga Watahiniwa wa Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Meya wa Divisheni yetu, Mhandisi wa Jiji, Mkuu wa Polisi wa Trafiki, Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mashehe na mapadri wetu, Mwalimu Mkuu na walimu wote, viongozi wa stegi za bodaboda, wazazi wenzetu, na ninyi watahiniwa ambao leo ndiyo siku yenu: tunawasalimu kwa heshima na taadhima, na tunasema karibuni sana.

Mheshimiwa, tunajua kwamba msimu huu kila shule inakuhitaji, na kwamba umeacha mengi ili uje kwetu. Tunakushukuru kwa moyo mweupe. Tunakushukuru pia kwa kuwa hukupita njia ya nyuma ya soko. Umepita barabara kuu ya mtaa, umeshuka langoni, na umeyaona magari yanavyokimbia mbele ya shule kwa macho yako mwenyewe. Hilo limetupunguzia maneno mengi.

Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wa shule hii ni Wagisu, Wateso, Wasamia, Wanubi na wengine wengi, na hii ndiyo lugha tunayouziana nyanya na kuzikana nayo. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, watoto wetu hawakusubiri kusukumwa. Mashairi uliyoyasikia asubuhi ni kazi ya mikono yao.

Kwa ufupi, shule hii ilianzishwa na wazazi chini ya miti, ikaingia katika mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, na tangu hapo haijarudi nyuma. Tumechimba choo kipya cha wasichana. Tumefunga tangi la kuvuna maji ya mvua ambalo majirani wote wanakuja kuliangalia. Kwaya yetu imeimba mbele ya watu wakubwa, bustani yetu ya sukumawiki inachangia chungu cha posho na maharagwe, na kwa usafi tunaamini hakuna shule katika divisheni hii inayotushinda. Ufaulu wa darasa la saba umekuwa ukipanda, na kundi linaloondoka leo ndilo tunalolitegemea kuliko yote yaliyotangulia.

Mahitaji ya paa la darasa la pili, madawati na nyumba ya mwalimu tumeyaweka katika barua iliyo mezani pako. Yanaweza kusubiri. Muda uliobaki tunaomba tuutumie kwa jambo moja tu, nalo ni mwendo wa magari mbele ya lango hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zamani barabara hii ilikuwa ya changarawe, yenye mashimo, na dereva alipunguza mwendo apende asipende. Tuliomba lami, tukapewa, na shukrani zetu kwa hilo hazijapungua. Lakini lami ilikuja peke yake. Haikuja na kivuko, haikuja na njia ya waenda kwa miguu, wala kibao cha mwendo mbele ya shule. Malori yanayotoka mpakani Malaba yakaigundua kuwa njia ya kukwepa foleni ya katikati ya jiji, na teksi zikayafuata. Kibao pekee kilichopo kiko mbali, kabla ya kona ya msikiti, nacho kinasema kilomita 50 kwa saa.

Mwaka jana tulimzika mtoto wetu wa darasa la tatu. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mama yake yumo humu ndani, na amekuja kwa sababu anataka jambo hili lisikike.

Si mara ya kwanza tunalisema. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapahapa akaahidi kwamba vibao vitawekwa kabla muhula haujaisha. Tulimpigia makofi. Aliyemfuata alituhakikishia kwamba matuta yameshaingia kwenye bajeti, nasi tukampigia makofi na kumpa jogoo. Mwaka ule wa fedha ulikwisha mwezi wa Juni, ukaanza mwingine, nao ukakwisha. Hatusemi haya ili kumvunjia mtu heshima. Tunayasema kwa sababu watoto waliozisikia ahadi hizo wakiwa darasa la tano ndio hawa tunaowaaga leo, na bado wanavuka kwa kukimbia.

Wazazi walipochoka walibeba udongo na mawe, wakajenga tuta wenyewe. Greda likaja likaliondoa, tukaambiwa kwamba halina kibali na kwamba linahatarisha pikipiki usiku. Sababu hiyo tuliikubali, kwa maana tuta lisilo na rangi wala kibao linaweza kumwangusha mtu wa bodaboda, na watu wa bodaboda ni watoto wetu pia. Kilichotuumiza ni kwamba tuta lenye kibali halikuja kuchukua nafasi yake.

Halafu walikuja wapimaji. Walikaa chini ya mwembe na mashine yao, wakapima mwendo wa magari, wakatupa jibu: madereva wengi hapa huenda karibu kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo kikomo cha 50 tayari ni cha huruma, na cha 30 hakitafuatwa na mtu. Walizungumza nasi kwa adabu, lakini jibu hilo halikutuingia akilini. Kamati ikaamua kujifunza jinsi miji inavyopanga mwendo katika barabara zake za mitaa. Tunaomba utuvumilie tueleze tulichokielewa.

Njia waliyoitumia ina historia ndefu, hasa katika barabara za Marekani. Unapima magari yanapopita bila kizuizi, unayapanga kutoka la polepole hadi la kasi, kisha unatafuta mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Huo, au ulio karibu nao, ndio unaouandika kwenye kibao. Hoja yake ni kwamba madereva wengi wana busara na hujichagulia mwendo unaofaa. Katika barabara kuu ya mashambani huenda hoja hiyo ikasimama. Mbele ya shule haisimami, maana ni sawa na kumwuliza fisi zizi lijengwe kwa urefu gani. Barabara ikiwa pana na laini, madereva watakimbia. Wakikimbia, kipimo kitapanda. Kipimo kikipanda, kibao kitapanda, na mtoto hakuulizwa popote katika hesabu hiyo. Marekani kwenyewe, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipendekeza mwaka 2017 kwamba kipimo hicho kipunguziwe uzito, na mwongozo wa taifa wa alama za barabarani uliotolewa Desemba 2023 unawataka wahandisi watazame pia waenda kwa miguu na shughuli za kando ya barabara.

Miji mingine imeanzia upande wa pili kabisa. Sweden iliamua mwaka 1997 kwamba mwendo upangwe kwa kutazama kile ambacho mwili wa binadamu unaweza kukistahimili unapogongwa. Mji wa Graz, Austria, uliweka kilomita 30 katika mitaa yake tangu mwaka 1992. Hispania ilifanya hivyo Mei 2021 kwa barabara za mijini zenye njia moja kila upande. Februari 2020 mawaziri kutoka nchi nyingi walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba pale ambapo magari na watu wanachanganyika, kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa. Na tusiende mbali: Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani liitwalo Amend limezungushia shule za msingi matuta, vivuko na njia za miguu, na kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Zile ni shule kama hii, zenye watoto wengi na pesa kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hesabu yetu wenyewe ilifanywa ubaoni na darasa la saba, na tunaomba Mhandisi wa Jiji aikague. Kutoka kona ya msikiti, pale gari linapoonekana kwa mara ya kwanza, hadi lango hili ni kama mita 100. Upana wa lami ni mita 7. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye mkoba mgongoni hutembea kama mita moja kwa sekunde, basi anahitaji sekunde 7 kuvuka. Gari la kilomita 60 kwa saa humaliza mita 100 kwa sekunde 6. Maana yake mtoto anaweza kutazama kulia, kushoto na kulia tena kama alivyofundishwa, akaona barabara ni tupu, akaanza kuvuka bila kosa lolote, na gari likamkuta bado yuko barabarani. Kwa kilomita 50 anabakiwa na sekunde 0.2 tu. Kwa kilomita 30 gari linahitaji sekunde 12, na mtoto anafika ng'ambo salama.

Kuna na breki. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki hupita kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 50 limeshakwenda karibu mita 14, na la kilomita 30 limekwenda kama mita 8. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa asilimia 4. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliouawa barabarani nchini mwetu. Mmoja tu ni mzigo usiobebeka kwa nyumba moja. Sisi tunaujua.

Tumesikia wanaosema kilomita 30 zitawachelewesha wafanyabiashara. Eneo tunaloliombea ni la nusu kilomita. Kwa kilomita 50 gari hulimaliza kwa sekunde 36, kwa kilomita 30 hulimaliza kwa sekunde 60. Tunamwomba dereva sekunde 24. Ndugu zetu wa stegi walipoambiwa hivyo walikubali kabla mkutano haujafungwa, na wameanza wenyewe. Nasi tunawashukuru hadharani.

Wala hatuombi sheria mpya. Kanuni za mwendo za mwaka 2024 zimeshaweka kilomita 30 kwa saa katika maeneo yenye msongamano wa watu, ya shule yakiwemo. Lakini kanuni iliyo kwenye gazeti la serikali haimfikii dereva wa trela anayeshuka kona ya msikiti. Nchi nzima iliona Juni 2025 faini za kielektroniki zilipoanza: madereva wakalalamika kwamba wanatozwa mahali pasipo na vibao, na mpango ukasitishwa mwezi uleule. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito. Polisi wa Trafiki aliye hapa leo hawezi kumshika mtu kwa kikomo ambacho hakijaandikwa mahali.

Kibao peke yake pia hakitoshi, na hapa tunataka tueleweke vizuri. Tukipewa kibao tu, barabara ikabaki pana na nyoofu vilevile, dereva ataifuata barabara na kukiacha kibao. Kwa hiyo tunaomba vitu vinavyokwenda pamoja: vibao vya kilomita 30 pande zote mbili, cha kwanza kikiwa kabla ya kona, kivuko kilichoinuliwa mbele ya lango, na kingine penye njia ya kwenda kisimani ambako watoto wengi huvukia, vyote viwe na mteremko uliopimwa na rangi inayoonekana usiku, na njia ya miguu kati ya hapa na soko, ili watoto wasitembee juu ya lami. Wapimaji wakirudi, tunawakaribisha kwa mikono miwili, ila wahesabu watoto pia, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni, wakati barabara imejaa sare zetu.

Barabara hii ni ya jiji, si ya taifa. Tuliuliza hilo mapema ili lisiturudishe nyuma tena. Mikutano ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao iko njiani, na baraza lako ndilo litakaloketi. Vibao na rangi, kwa maoni yetu, havihitaji kungoja Julai. Tunaviomba viwepo shule itakapofunguliwa Februari. Wazazi wamejitolea mchanga, kokoto na nguvu za mikono, na stegi mbili zimejitolea kusimamisha magari asubuhi na jioni mpaka vivuko vikamilike.

Mheshimiwa, tunakuheshimu, ndiyo maana tunakuomba usitujibu kwamba utalifikisha jambo hili panapohusika. Tunakuomba utuambie ni nani atakayelifanya, na lini. Kitabu cha wageni kiko mbele yako. Ukurasa wa leo tumeupiga mistari na kuandika tarehe, na tumeacha nafasi ya jibu lako, saini yako, na saini ya Mhandisi wa Jiji. Nakala itabandikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na nyingine atapewa Mwenyekiti wa LC1. Katibu wetu atafika ofisini kwako wiki ya kwanza ya Desemba kuuliza hatua iliyofikiwa.

Naomba kuwasilisha.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Kamati ya Wazazi na Walimu