Msiwanyang'anye wazee simu, zuieni njia ya fedha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala ya wiki iliyopita, aliyeshauri kwamba dawa ya matapeli wa simu ni watoto kuwanyang'anya wazazi simu za kisasa na kuwaachia visimu vya kupokea tu. Mimi ni karani wa benki mstaafu, na kwa umri nimo miongoni mwa hao wa kunyang'anywa. Ushauri huo unamwadhibu aliyeibiwa. Tena tapeli hana haja na simu ya kisasa, sikio linamtosha.

Nilipokuwa dirishani niliwaona sana. Mzee anakuja kutoa akiba yote, simu iko mfukoni haijakatwa, na upande wa pili mtu anasikiliza. Ukimuuliza fedha ni za nini, anajibu bila kigugumizi: "Za kukarabati nyumba." Amefundishwa hilo. Ameambiwa pia kwamba wezi ni sisi wafanyakazi wa benki, na kwamba yeye anawasaidia polisi kutunasa. Basi kila nilivyozidi kumhoji ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Mwishowe niliacha kuhoji. Namwomba azime simu, aingie kwa meneja kutia saini, akae. Ile sauti ikishanyamaza kwa muda, wengi huanza wenyewe kuuliza maswali. Na wasidhaniwe ni watu wasiojua kusoma. Walikuwemo walimu wakuu, hata mahakimu.

Leo fedha zinahamishwa mtu akiwa peke yake chumbani, anaelekezwa abonyeze wapi na ataje tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe. Akili bandia inaiga sauti ya mjukuu kutokana na rekodi fupi tu, na namba inayotokea kwenye kioo inaweza kughushiwa ionekane ya benki. Kumwambia mzee "uwe makini" mbele ya mitambo hiyo ni kunawa mikono.

Ninachodai ni breki. Fedha nyingi zinapokwenda kwenye akaunti ambayo mteja hajawahi kuitumia, zikae siku nzima kabla ya kutoka. Mteja akitaka, amteue ndugu mmoja atakayepata taarifa bila uwezo wa kugusa hata senti. Benki zitasema wateja watalalamika kucheleweshwa. Watalalamika, kweli, mimi nimetukanwa dirishani mara nyingi, sikufa.

Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, benki zinawajibika kuwarudishia wateja wengi waliorubuniwa kutuma fedha ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, na mzigo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi, maana akaunti ya tapeli nayo ilifunguliwa mahali fulani, na mtu fulani alizikubali nyaraka zake. Singapore imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2025 polisi wanaweza kuiamuru benki izuie miamala ya mtu anayeng'ang'ania kumtumia tapeli fedha, kwa siku 30 na amri inaweza kuongezwa. Hapo nasita kidogo. Kumfungia mtu mwenye akili timamu akiba yake ni jambo zito, na sijui ningelipokeaje kama ningekuwa mimi.

Kwa watoto: punguzeni kufoka. Aliyetapeliwa mara moja hupigiwa tena, safari hii na "wakili" anayeahidi kuzirejesha fedha zilizopotea kwa ada ndogo. Mzee aliyeitwa mjinga mbele ya wajukuu hatawaambia habari ya simu hiyo ya pili. Atalipa kimyakimya, akitumaini kurekebisha mambo kabla hamjajua. Kwa hiyo mzazi akikueleza, kwanza pigeni simu benki, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, wala si ile aliyopigiwa. Saa za mwanzo fedha huenda bado hazijatolewa upande wa pili na zinaweza kuzuiwa. Ya kulaumiana yatangoja.

Karani mstaafu