Barua ya wazi kwa wifi yangu wa Lamu: mtoto amerudi mzima

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe hukunisema chemba. Ile sauti ya dakika 4 uliyoitupa kwenye grupu la ukoo siku moja kabla hatujatoka Malindi waliisikiliza wote, hata mzee wetu wa Faza ambaye masikio yamemwacha aliomba irudiwe. Ulisema gari si nyumba. Ukasema mtoto wa miaka mitatu si gunia la kuzungushwa nchi nzima, na kwamba nduguyo karogwa na Wazungu. Sikujibu. Nilikuwa chini ya kitanda cha gari na bisibisi mkononi.

Sasa tumerudi, nguo zimekauka kambani, na nina langu la kusema.

Kwa Wazungu hukukosea sana. Mwaka jana kuna familia ilipaki Watamu na lori lao lenye jiko, kitanda na choo humo humo, watoto wawili wakianika soksi kwenye kioo cha pembeni. Nduguyo alilizunguka lile lori kama mtu anayenunua ng'ombe. Usiku hakulala. Akawa ananihadithia kwamba Marekani watu ndivyo wanavyotembea, kuna viwanja vya kazi hiyo, unafika, unachomeka umeme, unaunganisha maji, unaunganisha na bomba la majitaka, unalala. Nikamuuliza, na sisi tutachomeka wapi, kwenye mwarobaini?

Tulichonunua unakijua, matatu ya abiria 14 iliyokwisha kazi. Viti viling'olewa, seremala akapiga kitanda cha mbao chenye masanduku chini, juu ya paa ikawekwa sola ya kuendesha taa na feni moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6, madumu mawili ya maji ya lita 20. Choo cha mwanetu, Bi Kidogo, ni poti. Choo chetu sisi wakubwa ni vituo vya petroli, na subira.

Kabla ya safari yenyewe tulikwenda kujaribu kulala Watamu, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na hilo sikuliweka kwenye grupu kwa sababu lilikuwa aibu tupu. Bati la gari limekunywa jua mchana kutwa, halafu linakutemea wewe usiku. Tukafungua madirisha, wakaingia mbu. Tukayafunga, tukaiva. Saa nane za usiku mtoto anataka maziwa ya moto, gesi ipo, sufuria ipo, kiberiti hakuna. Nduguyo akaenda kumwamsha mlinzi wa nyumba ya jirani. Asubuhi tulirudi Malindi kimya kimya, nikanunua chandarua, fundi cherehani akakikata na kukipiga mpira pembeni, kila dirisha na nguo yake. Kiberiti sasa kiko mahali pane.

Ukitaka kujua safari ilianzaje, ilianza na kuku. Ule mstari wa njano tuliufuta na rangi tukabadilisha, lakini umbo la matatu halifichiki. Gede pale mama mmoja akatupungia mkono, nduguyo akapunguza mwendo kwa adabu tu, mama kashafungua mlango. "Kilifi ngapi?" Nduguyo akamwambia, "Mama, hii ni nyumba." Akachungulia, akaona kitanda, masufuria, mtoto na poti. Akasema, "Basi nifikisheni Kilifi na nyumba yenu." Tungemwambiaje? Alishuka Kilifi na kuku wake, akamwachia Bi Kidogo pakiti ya korosho. Kuanzia hapo mwanao akiona watu wamesimama kando ya barabara anagonga kioo na kuita, "Kilifi mia! Kilifi mia!" Aliita hivyo mpaka Nakuru.

Hatukupita Mombasa. Tulivuka daraja la Kilifi, Mavueni tukakata kulia, tukapanda Kaloleni kwenye minazi ya Wagiriama na kutokea Mariakani. Unaepuka msongamano wote wa mjini. Kutoka hapo ni barabara kuu na malori yake, na hapo ndipo palipotokea vita.

Unajua kitanda kipo nyuma, kimetandikwa, kina mto wenye maua. Mtoto anakiona. Anataka kulala pale, na kwa hakika ungedhani hiyo ndiyo faida ya kutembea na nyumba. Lakini nyuma ya dereva tulibakisha kiti kimoja chenye mkanda, na juu yake tukafunga kiti cha mtoto, kwa kuwa breki moja ya ghafla mbele ya lori ikimkuta kitandani, atarushwa. Kitanda ni cha gari lililozimwa. Alilia kutoka Samburu hadi Mackinnon Road, kilio kile cha kukata pumzi, mwili kaupinda kama upinde. Nilikaa kando yake nikimshika mguu, nami machozi yananilenga. Sikumfungua. Tulisimama kwenye msikiti wa Seyyid Baghali pale kando ya reli, ambapo madereva wengi husimama wakaswali na kutoa sadaka, akaosha miguu mara saba kwenye bomba, akasahau. Kesho yake alilia dakika kumi. Siku ya tatu alikaa mwenyewe na kusema, "Nifunge."

Hii ndiyo siri niliyoipata barabarani, na sikuipata kwa akili yangu. Voi, usiku wa kwanza, nduguyo aligeuza matandiko, kichwa kikawa upande wa mlango, eti apate upepo. Bi Kidogo alikataa kulala. Si baridi, si njaa, si mbu. Anaonyesha kidole mlangoni na kusema, "Kwetu si hivi." Saa nzima. Tuliporudisha mto ulipokuwa, akalala kabla sijamaliza Kul-huwallahu. Nilibaki macho nikifikiri. Sisi tumehama mji, tumemleta kwenye nyika ya tembo, na hilo hakulijali hata kidogo. Kilichomuumiza ni mto. Tangu hapo kila jioni mambo ni yale yale kwa mpangilio ule ule: mkeka unatandikwa mbele ya mlango, poti, mswaki, sura tatu, hadithi ya sungura, feni. Popote tulipolala, mkeka ukishatandikwa aliita kwetu. Kwetu Voi. Kwetu Makindu.

Na tembo waliokuwa wekundu kwa udongo wa Tsavo, karibu kabisa na barabara? Aliwatazama, akauliza nani amewapaka, akarudi kwenye korosho zake.

Mwendo wetu ulikuwa wa bibi harusi. Tunatoka baada ya alfajiri, tunaendesha hadi saa tatu, chai, kisha tena wakati amesinzia, na saa kumi jioni gari limezimwa popote lilipo. Usiku hatukuendesha hata mara moja. Basi la usiku lingetufikisha Nairobi asubuhi, najua, usinikumbushe. Sisi ilikuwa siku ya nne.

Makindu lazima nikusimulie. Kuna hekalu la Masingasinga la tangu 1926, lilianza enzi za wafanyakazi wa reli, na hadi leo msafiri yeyote anapewa chakula bila kulipa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi. Mwanao kuona watu wamevua viatu na kujitanda, akajifunga mtandio wake vizuri, akaninong'oneza, "Mama, hii madrasa ya nani?" Tulikula chapati na dengu, chai ya maziwa. Mzee mmoja mwenye kilemba akamwongezea chapati bila kuombwa, naye mtoto akamshika mkono akaubusu kama anavyomfanyia babake mkubwa. Nduguyo alitia kitu kwenye sanduku la sadaka, na mchana ule hakuna aliyesema neno ndani ya gari, ila Kilifi mia.

Nairobi tulipita tu. Sehemu moja ya kulala pembezoni mwa mji askari alituzuia getini: "Matatu haziruhusiwi." Nikamfungulia mlango aone kitanda. Akasema, "Hata zenye vitanda." Tukalala kituo cha petroli, kwa ruhusa ya meneja, na nakwambia mlinzi wa pale alitulinda kama mali ya baba yake.

Kuteremka Mai Mahiu kulinichosha roho. Kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori upande wa pili, na Bi Kidogo akarudisha maziwa yote kifuani. Kosa langu, nilimnywesha asubuhi ile. Chini kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza ile barabara. Tulisimama hapo kumsafisha. Nduguyo alipomwambia hii imejengwa na Waitaliano, mtoto wa Malindi bwana, mji uliojaa Waitaliano, akalipungia kanisa mkono: "Ciao!"

Naivasha ndipo alipokutana na baridi. Alfajiri nilifungua mlango, akatoka na khanga yangu mabegani, akapumua, akaona mvuke. Akafunga mdomo kwa mikono miwili. Akanitazama kwa hofu kama mtu aliyeshika moto ndani ya tumbo. "Mama, naungua?" Nikapumua na mimi, akaona wangu. Tukasimama pale tukitoa moshi kama treni mpaka nduguyo akaivisha uji. Usiku wake viboko walikuwa wametoka ziwani kuja kula majani nje ya uzio wa umeme, unasikia kabisa yanavyong'olewa, kru, kru, na yeye akauliza usingizini ng'ombe wa nani.

Hapo hapo mlinzi mmoja mwema alituletea jiko la makaa tuliingize ndani tuote. Nduguyo akamshukuru, akaliweka nje, mbali. Hili nakuomba uwaambie na wengine: jiko la makaa ndani ya gari lililofungwa linatoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, inakulaza moja kwa moja. Sisi tulijaza maji moto kwenye chupa, tukaifunga kitambaa, ikalala miguuni mwake kama paka.

Sasa, pale uliposema kweli. Juu ya Nakuru, karibu na Molo, mvua ikinyesha na ukungu hadi kwenye kioo, alipata homa. Usiku anashika sikio na kulia kilio ambacho si cha mto wala kitanda. Nilizoea nyumbani akiumwa, mavyaa yuko chumba cha pili na mafuta yake ya habasoda na ushauri wa saa zote. Pale palikuwa na mimi, nduguyo, na mvua juu ya bati. Nilikukumbuka, wifi, na sikukukumbuka kwa ubaya. Gari lina kitanda na jiko, lakini halina mtu wa tatu wa kukwambia usiogope. Kulipopambazuka tukaenda kituo cha afya. Muuguzi aliposikia tumetoka Pwani akamtoboa kidole apime malaria kwanza. Hakuna. Akachungulia sikio, akasema ni hilo, akatupa dawa na kutuambia hatuendi popote siku mbili. Ratiba ya nduguyo, aliyoichora kwa rula, ilifia hapo. Siku mbili zile tulikaa ndani tukicheza kufungua na kufunga masanduku. Kwake yeye zilikuwa siku bora za safari nzima, kashaniambia.

Yaliyobaki ni mafupi. Kericho ni chai mpaka macho yachoke. Kisumu alikataa samaki, alimnusa akasema huyu hakutoka baharini. Maseno tulipiga picha kwenye alama ya ikweta, nduguyo mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, mtoto amegeuka anatazama mbuzi. Busia ni malori. Tuligeuza pale, tumeshapita kilomita 1,000.

Mafuta yalikula kiasi gani sitataja, mavyaa husomewa barua hizi.

Sasa tunakuja kwenu. Tutapita Garsen na Witu mchana kweupe pamoja na magari mengine, hadi Mokowe. Gari litabaki jetini, maana Lamu yenu ni ya punda na sisi hatuna ubishi na punda. Tatizo ni kwamba Bi Kidogo kashapanga kila kitu: shangazi analala upande wa feni, yeye katikati, mimi mlangoni, baba chini kwenye mkeka. Hajui kwamba nyumba yake haivuki maji, na mimi si mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo panda boti uje Mokowe, wifi, usiku mmoja tu. Mikate ya mofa usisahau. Kiberiti tunacho.