Jumamosi: Makumbusho ya Taifa, bustani, kisha Kijiji cha Makumbusho

Habari wanakikundi. Tukutane saa 3 asubuhi langoni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Posta, Dar es Salaam. Ukimwambia bodaboda "Makumbusho" tu, atakushusha Kijitonyama, kilipo Kijiji cha Makumbusho, kwa hiyo taja mtaa. Njoo na kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja.

Tutaanza na chimbuko la binadamu: Zinjanthropus, fuvu la kale la zamadamu alilogundua mtafiti Mary Leakey huko Olduvai 1959. Hapo msikimbie, someni maelezo. Bustani ya Mimea iko jirani, kivuli tele. Tausi wakiwepo msiwalishe.

Mchana tunapanda daladala za Makumbusho kwenda Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Milango mingine ni mifupi, inameni. Wenye watoto wadogo, bebeni maji na kofia.