Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: majibu ya utafiti wa pombe yako wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Kaka yangu yumo ndani. Alhamisi aliamua mwenyewe kuacha pombe, bila dawa wala mtu wa kumsimamia. Akaanza kutetemeka, akaona watu ukutani, Jumapili alfajiri akaanguka, mwili ukakakamaa. Kituo cha kwanza tulichomfikisha kwa bodaboda walisema ni ulevi tu, akalale.

Unanifahamu. Mimi ndiye mhudumu wa afya ngazi ya jamii niliyewazungusha watafiti nyumba kwa nyumba mwaka juzi. Wewe mwenyewe ulitutambulisha mkutanoni, ukaahidi matokeo yatasomwa palepale, mbele ya wananchi. Watu wakaniamini. Hata wapika gongo, ambao sheria inawasaka, walifungua mlango kwa sababu aliyebisha hodi ni mimi.

Maswali yalikuwa kumi, yale ya Shirika la Afya Duniani. La sita linauliza kama asubuhi unahitaji kinywaji ndipo uianze siku. Kaka akajibu: kila siku. La kumi linauliza kama ndugu au daktari amewahi kuhofia unywaji wako. Akanitazama, akasema ndiyo. Karatasi ikaingia kwenye mkoba, ikaondoka. Hakuna aliyerudi kwake.

Sipingi utafiti. Pale KCMC, hospitali ya rufaa mjini Moshi, watafiti wamejaribu mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Sisi huku mlimani tulihesabiwa, basi. Viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 tulishangilia, lakini wanywaji walihamia gongo na chupa ndogo. Nadhani pia bei ya kahawa na vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vilivyogawanywa hadi vikaisha vimechangia ulevi huu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya matanga tumekunywa tangu enzi za babu na hatukuzikana hivi. Labda majibu ya chanzo yamo kwenye karatasi zile zile.

Daktari hapa amenieleza kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akikata ghafla anaweza kufa, na kwamba diazepamu na vitamini B1 humvusha. Diazepamu, Mheshimiwa! Hiyo hiyo wanayopewa wenye kifafa. Anayetumia heroini amewekewa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha, tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, na ni jambo jema. Wetu anaambiwa ajikaze.

Naomba majibu yaletwe, uliahidi. Kama yote hayawezekani, tuletee muuguzi mmoja tu, hata siku moja kwa wiki, anayejua kumwachisha mtu pombe bila kumpoteza. Muuguzi mmoja, Mheshimiwa.

Jana usiku mama mmoja niliyewapeleka watafiti kwake alinipigia simu. Mwanawe naye anataka kuacha. Nimemwambia asikate ghafla, angoje. Akaniuliza angoje mpaka lini, nami sikuwa na la kumjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya wa kijiji